Makava ya PETG yaliyopauka, yakapinda na kupasuka: kisa kizima

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna mashine ya kufungasha, ile ya kuziba vifuko kwa joto, na juu yake kuna makava ya plastiki angavu yanayozuia mikono na vumbi huku opereta akiendelea kuona kinachofanyika ndani. Mwanzoni makava yalikuwa ya akriliki, maboksi yaliyounganishwa kwa gundi kutoka vipande bapa vya milimita 5, na kila likigongwa moja linapasuka kona. Wakaamua kuhamia PETG, plastiki nyingine angavu ya jamii ya PET, ile ya chupa za maji. Shiti za milimita 3 zikapelekwa karakana yenye mashine ya kufinyanga kwa vakyumu, yaani shiti inapashwa moto mpaka inalegea kisha inavutwa kwenye moldi (kalibu la umbo) kwa kunyonya hewa, yakatoka makava ya kipande kimoja, hamna gundi, hamna kiungo, yanang'aa. Muda si mrefu yakaanza kurudi na malalamiko matatu kwa mpigo: mengine yana mabaka meupe mgongoni, mengine yamejipinda hayakai tena kwenye fremu, na mengine yana nyufa ndogondogo kuzunguka matundu ya skrubu. Mwenye mashine alishatoa hukumu yake, PETG ni plastiki mbovu, yote yatolewe yawekwe ya polikaboneti, plastiki angavu iliyo ngumu zaidi kupasuka. Mimi niliitwa kuangalia kabla hela ya polikaboneti haijatoka.

Nianze na plastiki yenyewe maana nusu ya ugomvi ilitokana na watu kuongelea kitu kimoja huku mkononi wameshika kingine. PET ya kawaida, hii ya chupa za maji na nyuzi za poliesta, iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson. Ni plastiki nzuri sana ila ukitaka kuipasha moto shiti nene na kuifinyanga inakusumbua, kwasababu minyororo yake ya molekuli imenyooka na inapenda kujipanga, ukiipa joto na muda inajipanga kuwa fuwele, fuwele zinatawanya mwanga, na shiti iliyokuwa angavu inageuka nyeupe ya maziwa tena inakuwa ngumu kuvutika. Kwenye PETG wakemia waliondoa sehemu ya glaikoli ya ethilini, moja ya malighafi za PET, kama theluthi hivi, wakaweka glaikoli nyingine nene yenye pete ya kaboni sita, kwa kifupi inaitwa CHDM. Hiyo pete inakaa kwenye mnyororo kama mtu aliyebeba godoro kwenye foleni, wa mbele na wa nyuma hawawezi tena kubanana. Kwahiyo PETG haijipangi kuwa fuwele, unaipasha taratibu, unaivuta, unaipooza, inabaki angavu. Hiyo ndo sababu kubwa watu wa kufinyanga wanaipenda, mengine yote yanafuata.

Na hayo mengine si madogo. Inapitisha mwanga karibu asilimia 88 hadi 90, akriliki iko kwenye 92, tofauti ambayo kwenye kava la mashine hakuna jicho litakalolalamika. Inastahimili kugongwa kuliko akriliki kwa mbali sana, ingawa polikaboneti bado ni baba yao wote hapo. Inafinyangwa kwenye joto la chini, nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi hivi, wakati polikaboneti inataka kwenda 170 mpaka karibu 200. Na kwa kawaida huhitaji kuikausha kabla, ukiwa umeitunza kwenye nailoni yake, wakati polikaboneti inanyonya unyevu wa hewa na usipoikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 125 kwa masaa kadhaa, siku ya kuipasha inajaa mapovu utafikiri inachemka. Ndo maana PETG utaikuta kwenye trei za vifaa vya hospitali, vifungashio, vibango vya matangazo, vitunzio vya meno ambavyo daktari anafinyanga juu ya umbo la meno ya mgonjwa, na mwaka 2020 dunia nzima iliivaa usoni kwenye zile ngao za kujikinga na korona.

Lakini joto lake la kulainika ni kama nyuzi 80 tu. Akriliki ni karibu 105, polikaboneti karibu 147. Kishushe kichwani hicho cha 80 maana tutakirudia.

Sasa mabaka meupe. Hapa nilisimama kwa muda kidogo, kwasababu nimetoka kusema PETG haipauki kwa joto, sasa mabaka yametoka wapi? Ukungu kwenye kava lililofinyangwa unaweza kuwa wa aina nyingi. Vumbi kwenye moldi linaacha vidoti. Moldi ya mbao isiyosuguliwa vizuri inaacha alama ya nyuzi za mbao kwenye upande uliogusa. Shiti iliyogusa moldi baridi inaacha mistari. Hizi zote ukipitisha kidole unazihisi au ukiangalia kwa kuinamisha unaziona ziko juu ya uso. Haya mabaka yalikuwa ndani ya plastiki, laini kabisa juu, na yalikuwa sehemu ile ambayo hita inapiga zaidi, katikati ya shiti. Na siyo makava yote, ni baadhi, kutoka kwa fundi yuleyule na moldi ileile.

Fundi akaniambia, "bosi mimi niliona shiti zingine zinakataa moto." Kauli hiyo ilinitosha. Nikaomba vipande vya mabaki kutoka kwenye kila fungu la shiti lililobaki, tukakata vijiti, tukaviweka kwenye oveni ya nyuzi 140 kwa kama dakika kumi tukasubiri. Vingine vililegea vikabaki angavu. Vingine viligeuka vyeupe kabisa na vikakauka vikawa vigumu humohumo ndani ya oveni. Vile vyeupe havikuwa PETG, vilikuwa APET, yaani PET ya kawaida iliyopoozwa haraka kiwandani ili isipate nafasi ya kuwa fuwele, inauzwa ikiwa angavu kama kioo, kwa kawaida ina bei nafuu kuliko PETG, na kwa macho huwezi kuzitofautisha hata kidogo. APET inafinyangika vizuri ikiwa nyembamba na ikipashwa haraka, viwanda vya trei za vifungashio vinaitumia kila siku. Kwenye milimita 3 na hita za taratibu za karakana ile, katikati ya shiti inakaa kwenye joto la hatari kwa muda mrefu mno, inapauka.

Kama hauna oveni kuna njia nyingine ya mizani. Uzito wa APET kwa ujazo ni karibu gramu 1.33 kwa sentimita moja ya ujazo, PETG ni 1.27. Pima kipande kikavu, kisha kining'inize kwa uzi mwembamba ndani ya maji na upime tena, gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya vipimo viwili. Kipande cha gramu 100 cha PETG kikiwa ndani ya maji kitaonyesha kama gramu 21, cha APET kitaonyesha kama 25. Usijaribu kupima kwa kuzidisha urefu kwa upana kwa unene maana unene wa shiti unatofautiana kidogo sehemu na sehemu na hiyo tofauti inameza jibu lako lote. Akriliki na polikaboneti ziko 1.19 na 1.20, zenyewe unazitambua mbali.

Kwahiyo muuzaji alichanganya mafungu. Kwa makusudi au kwa bahati mbaya hilo siingii, kwenye karatasi ya mauzo iliandikwa PET tu na mnunuzi hakuuliza PET gani. Angeishia hapo mtu angesema kisa kimekwisha, rudisha shiti, dai hela. Ila mabaka yalikuwa yameshasababisha kitu kingine ambacho kilinishangaza zaidi.

Fundi alipoona kava linapauka alifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili angefanya, akapunguza moto. Akapunguza mpaka mabaka yakapotea, na kuanzia hapo akaendelea na mpangilio huohuo kwa shiti zote, za APET na za PETG, kwasababu kwake zilikuwa ni plastiki moja. Kona hazikuwa zinajaa vizuri, zilikuwa zinatoka za mviringo kidogo, lakini kava linang'aa, mteja anataka kung'aa, akaendelea. Tulipopima uso wa shiti wakati inatoka kwenye hita ilikuwa inasoma kama 110, na kumbuka huo ni uso, ndani ya shiti ya milimita 3 joto linachelewa kufika, kwahiyo katikati ilikuwa chini ya hapo.

PETG ya nyuzi 105 au 110 inavutika, ndiyo, imeshapita 80 yake. Ila inavutika kwa kulazimishwa. Minyororo inanyoshwa haipati muda wa kutulia kwenye umbo jipya, kisha moldi inaipooza na inaganda ikiwa bado imekaza. Kava linatoka na umbo sahihi lakini ndani lina nguvu iliyofungiwa inayotaka kulirudisha kuwa shiti bapa. Plastiki zote za kufinyangwa zina hiyo tabia, ukichukua kava lolote la PETG ukaliweka kwenye oveni ya nyuzi 120 litajinyoosha mbele ya macho yako karibu kurudi lilivyokuwa, ni kitu cha kufurahisha kukitazama kwa kweli. Tofauti ni kwamba lililofinyangwa kwenye joto sahihi linatulia mpaka linapokaribia 80, na lililofinyangwa baridi linaanza kujikunja mapema zaidi. Tulikata vipande kutoka ubavuni mwa makava ya aina zote mbili tukaviweka kwenye nyuzi 70. Vile vya baridi vilijipinda, vile vya zamani kabla ya fundi kupunguza moto vilikaa karibu vilevile.

Hapo ndo malalamiko ya pili yakafunguka. Makava yaliyopinda mengi yalikuwa yale yanayokaa juu ya sehemu ya kuzibia, ambapo kuna upau wa chuma wenye joto linalozidi nyuzi 150, na machache yalikuwa ya jirani yake. Kipimajoto cha infraredi, kile kinachopima bila kugusa, kilionyesha uso wa ndani wa kava la kuzibia unafika 66 mashine ikiwa imefanya kazi muda mrefu, jirani yake unafika kama 50, na yale ya kwenye mkanda wa kusafirishia hayazidi 40. Makava ya mkanda hayakupinda hata moja, ya baridi wala ya moto. Ya jirani yalipinda yale tu yaliyofinyangwa baridi. Ya juu ya upau yalipinda yote, tofauti ni kiasi tu.

Hilo la mwisho lisipite. PETG kwenye matumizi ya kudumu usiipeleke zaidi ya 60 hivi, 65 ukiwa na bahati na kava halibebi uzito. Sehemu ile ya 66 haikuwa ya PETG tangu siku ya kwanza, hata fundi angefinyanga kwa ustadi wa namna gani. Kwahiyo malalamiko yaliyoonekana kuwa moja yalikuwa mawili, kuna makava yaliyopinda kwasababu yaliwekwa mahali pasipo pake, na kuna yaliyopinda kwasababu muuzaji alichanganya shiti, shiti zikapauka, fundi akapunguza moto. Ukiyaweka kapu moja utasema plastiki haivumilii joto basi, na utanunua polikaboneti kwa ajili ya makava ya mkanda ambayo hayajawahi kuona nyuzi 40.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna aliyelilalamikia ila lilikuwa linakuja. Vipimo vya kava vilikuwa milimita 400 kwa 300, kina 200, na kona kali. Nilipouliza kwanini kina 200 jibu likawa ndivyo lilivyokuwa la akriliki. Sasa boksi la akriliki lilikuwa la vipande vya kugundishwa, kila upande una milimita zake 5, kina kiwe 200 au 600 haibadilishi kitu. Kwenye vakyumu unaanza na shiti moja na hakuna plastiki inayoongezeka, eneo linakua, unene unapungua. Piga hesabu: mdomo wa moldi ni sentimita 40 kwa 30, eneo 1,200. Kava likishafinyangwa lina mgongo wa 1,200 na kuta nne ambazo jumla yake ni 2,800, yaani 4,000. Mara tatu na theluthi. Milimita 3 gawanya kwa hiyo unapata 0.9, na huo ni wastani. Moldi yao ilikuwa ya shimo, shiti inagusa kuta kwanza na kupoa hapo, kona za chini kabisa zinafikiwa mwisho na kidogo kilichobaki. Tulichora mistari ya miraba ya sentimita moja kwenye shiti kwa kalamu ya wino tukafinyanga, na kwenye kona mraba ule ulikuwa umekuwa kama sentimita 3 kwa 2.5, mara saba na nusu, kwahiyo pale palikuwa na milimita 0.4. Unabonyeza kwa kidole gumba panaingia. Hili ndilo kava lililonunuliwa kwasababu la zamani lilikuwa linapasuka kona!

Hiyo ya kuchora miraba fanya kwa kila moldi mpya, haina gharama na inakuonyesha kila kitu bila kukata kava.

Tukapima ndani ya mashine, kitu kirefu kuliko vyote kilihitaji nafasi ya milimita 110. Kina kikashushwa kuwa 120, eneo jumla linakuwa 2,880, wastani unapanda hadi 1.25. Kona zikapewa mviringo wa kutosha, kuta zikapewa mwinamo wa nyuzi chache ili kava litoke kwenye moldi bila kung'ang'ania, na fundi akatengeneza kisukumio cha mbao kilichovikwa kitambaa kinene ambacho kinaisukuma shiti chini ya shimo kabla vakyumu haijafunguliwa, hivo plastiki ya katikati inapelekwa kwenye kona badala ya kubaki yote mgongoni. Kona zikatoka kama milimita moja. Shiti ni ileile ya milimita 3. Kama kungekuwa na ulazima wa kina cha 200 ningesema nendeni milimita 5, lakini ulazima haukuwepo.

Nyufa za kwenye matundu sasa. Hizi nilizielewa haraka kwa kunusa tu. Chumba kile kilikuwa kinanuka thina. Mashine inachapisha tarehe kwenye vifuko, wino unaruka, unakauka kwenye kava, na wafanyakazi walikuwa wanaufuta kwa kitambaa chenye thina, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa vitu kama asetoni na toluini. PETG inavumilia vingi, sabuni, maji, mafuta ya kawaida, asidi nyepesi, hata spiriti ya kufuta mara moja moja. Asetoni, toluini na viyeyusho vyenye klorini haivumilii, uso unalainika, unapauka, na kama mahali hapo plastiki imebanwa au imevutwa, inapasuka nyufa za nyuzinyuzi hata kama nguvu iliyopo ni ndogo sana ambayo peke yake isingefanya kitu. Kemikali peke yake ingeacha doa, skrubu peke yake ingeacha mkazo, zikikutana ndo unapata ufa.

Na skrubu zilikuwa zimebanwa kweli. Zile za kichwa cha koni, ambazo zikikazwa zinapanua tundu kama kabari, kwenye matundu yenye kipenyo kilekile cha skrubu. Hakuna nafasi ya kujongea. PETG inatanuka kwa joto kiasi cha sehemu kama 68 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kwahiyo kava la milimita 400 likipanda nyuzi 30 linataka karibu milimita 0.8 zaidi, na chuma cha fremu hakitanuki kiasi hicho. Linajisukuma kwenye skrubu kila siku mashine ikiwashwa na kuvuta kila ikizimwa. Kama unataka kuona mkazo kwa macho, washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe, simamisha kava mbele yake, vaa miwani ya jua ile ya kupunguza mng'ao na uinamishe kichwa kidogo kidogo. Plastiki inajaa rangi za upinde wa mvua pale ilipovutwa. Rangi utaziona pia ubavuni kwasababu ya kufinyangwa, hizo usizihofie sana, angalia pale zinapojirundika karibukaribu kuzunguka tundu. Kwa makava haya kila tundu lilikuwa na duara lake la rangi.

Dawa yake ni ya kawaida: matundu yakaongezwa kipenyo kwa milimita mbili, skrubu za kichwa bapa zenye washa pana, zikazwe mpaka zishike na basi. Matundu yatobolewe kwa drili kali kwa mwendo wa taratibu maana PETG ikipata joto la msuguano inayeyuka na kujizungushia kwenye ncha ya drili, kingo zinabaki na michubuko na ufa unaanzia hapohapo. Na thina ikapigwa marufuku, wino ufutwe ukiwa bado mbichi kwa maji ya sabuni, ukigoma spiriti kidogo kisha maji.

Kilichobaki ni ile hoja ya polikaboneti, na mwenye mashine alikuwa ameishikilia, kwa sababu inayoeleweka, amepoteza hela mara mbili na anataka kitu kigumu kuliko vyote. Nikamuonyesha kwamba thina iliyopasua PETG ingepasua polikaboneti pia, tena polikaboneti hata sabuni kali za magadi na zenye amonia zinaila. Karakana ile haina oveni ya kukaushia, kwahiyo mapovu yangekuwa malalamiko namba nne. Moldi ni ya mbao, kuibebesha shiti ya nyuzi 180 au 190 kila baada ya dakika chache haitadumu. Na kina cha 200 chenye kona kali kingezifanya kona nyembamba vilevile, hesabu ya eneo haijali ni plastiki gani.

Mahali pamoja tu ndo polikaboneti ilikuwa na haki, juu ya upau wa moto. Inakaa vizuri hadi nyuzi 110 na zaidi, na pale pia ndipo kuna sehemu zinazojongea kwa kasi, kitu kikikatika kikarushwa unataka plastiki inayokamata. PETG kwa kuzuia mkono usiingie inatosha, kwa kuzuia chuma kinachoruka mimi siiwekei dhamana. Lakini nani kasema kava hilo lazima lifinyangwe? Tukalifanya kwa vipande bapa vya polikaboneti vilivyofungwa kwenye fremu ya alumini, hamna oveni, hamna moldi, na kati yake na upau ikawekwa bati ya alumini yenye nafasi ya hewa. Bati hiyo peke yake ilishusha joto la jirani kiasi kwamba PETG ya pale sasa inakaa kwa raha. Makava mengine yote yakabaki PETG, ya shiti zilizopimwa, kwa mpangilio wa moto wa 135 hadi 140 unaoshikiliwa muda wa kutosha ndani nako kufike.

Wapo walioshauri ile poliesta nyingine ambayo kampuni ya kemikali ya Eastman iliitoa 2007 kwa jina la Tritan, inalainika juu ya 100. Ni plastiki nzuri, kwa vyombo vinavyooshwa kwa maji ya moto sana ningeifikiria mara moja. Kwa kava moja la mashine kuanza kutafuta shiti mpya na kujifunza tabia zake upya nikaona ni kujipa kazi.

Kuhusu mabaki nao niliongea maana kulikuwa na gunia zima la vipande vya kukatia pembeni, na mtu alikuwa anataka kuvichanganya na chupa za PET ziende kwa wasagaji. Usifanye hivyo. Wasagaji wanakausha chembe za PET kwenye joto la kama nyuzi 160 kabla ya kuyeyusha, na PETG kwenye joto hilo imeshakuwa gundi zamani, inashika chembe zingine inatengeneza mabonge yanayoziba mashine. Ni tatizo kubwa kiasi kwamba jimbo la California mwaka 2017 lilipitisha sheria inayoeleza PET ni ipi ili chombo cha PETG kisivae namba 1, ile alama ya urejelezaji ya PET, kama chupa. PETG itunzwe peke yake ikiwa safi inasagika na kurudi kuwa shiti bila shida. APET iliyopauka hiyo kweli ni PET, iende na chupa.

Tatizo ambalo halikuisha ni mikwaruzo. PETG ina uso laini, wafanyakazi wanafuta vumbi kwa kitambaa kikavu na kila punje ya mchanga inaacha mstari wake, baada ya miezi mgongo wa kava una ukungu tena, safari hii wa juu. Akriliki hapo ilikuwa bora, niseme kweli. Shiti zenye ngozi ngumu dhidi ya mikwaruzo zipo lakini ngozi ile haivutiki, ukiifinyanga kwa kina inakatikakatika kama barafu nyembamba hata pale plastiki ya chini iko salama. Wakakubaliana kufuta kwa kitambaa chenye maji, na kuweka makava mawili ya akiba stoo, kwasababu moldi ipo na shiti moja ya milimita 3 sasa inajulikana ni shiti gani.